Presha iliyojificha juu ya figo

Hadi 1902 Kisumu ilikuwa Uganda. Waingereza walipousogeza mpaka wake kuelekea magharibi, jamaa wa Kisamia na Kiteso wakajikuta wana serikali mbili. Busia ikaja kuwa mji mmoja wenye nchi mbili, na pilikapilika za kuvuka zikalizaa neno bodaboda.

Ukikaa leo kwenye foleni ya kliniki, Busia au Tororo ya upande wa Uganda, utadhani presha na sukari ni magonjwa ya tangu enzi za mababu. Sivyo. Mwaka 1929 daktari C. P. Donnison aliandika katika jarida la Lancet kwamba kwa miaka miwili, katika hospitali moja ya Kavirondo ya Kusini, magharibi mwa Kenya, walilazwa wagonjwa wapatao 1,800 na hakumwona hata mmoja mwenye presha ya juu. Akapima watu 1,000 hivi: kwa wazee presha ilishuka badala ya kupanda. Busia ya Kenya ilikuwa Kavirondo ya Kaskazini, si mbali. Daktari Hugh Trowell, aliyefundisha hospitali ya Mulago, Kampala, miaka mingi, aliishi akaiona presha ikiingia na kuenea, na 1980 akachapisha historia ya mabadiliko hayo.

Basi ndani ya umri wa mtu mmoja tumetoka "hakuna" hadi "nani hana?" Na kwa kuwa wanayo wengi, mtu akipimwa na kukutwa nayo hupewa vidonge, haulizwi imetoka wapi.

Lakini wachache mno kati ya wenye presha, pungufu ya mmoja kati ya 100, wana aina ya uvimbe kwenye tezi ya adrenali, kijinyama kilichokaa juu ya figo kama kofia. Uvimbe huo humwaga adrenalini ovyo: presha hupaa, sukari hupanda nayo. Mwaka 1886, huko Freiburg, Felix Fränkel alieleza habari za msichana wa miaka 18 aliyekuwa akishikwa na mapigo ya moyo ya kasi, maumivu ya kichwa na jasho, akafa ghafla. Alipopasuliwa, tezi zote mbili zilikuwa na uvimbe. Miaka 40 baadaye César Roux, Lausanne, na Charles Mayo, Marekani, waliukata uvimbe wa namna hiyo na wagonjwa wakapona.

Dalili ni zilezile alizozieleza Fränkel, na huja kwa vipindi. Kipimo huanza na mkojo wa saa 24, kisha picha ya tumbo. Kwa kazi hiyo wa Tororo hutazama Mulago, wa Busia ya Kenya hutazama Eldoret. Mstari ule wa 1902 bado unawagawa.