Kabla Hujachimba Msingi: Funzo la Meli ya Liemba kwa Anayejenga Nyumba

 

Katika kazi yangu ya ugani nazunguka sana, kuanzia wavuvi wa dagaa mwambaoni hadi kwa wakulima wa michikichi na kahawa huko juu. Kitu kimoja nakikuta kila kijiji: boma limesimama kwenye lenta, halina paa, majani yameota mahali palipotakiwa kuwa sebule. Ukimuuliza mwenyewe atakwambia mwaka huo mawese hayakulipa.

Simcheki. Boma langu mwenyewe lilikaa hivyo misimu miwili. Pesa niliyoitenga kwa ajili ya kupaua iliishia chini, kwenye msingi na jamvi. Fundi hakuniibia hata mfuko mmoja. Shida ni kwamba hakuna aliyekaa chini akahesabu kabla ya kuanza, si mimi wala yeye.

Kuna mtu ambaye kazi yake ni kuhesabu hivyo. Anaitwa mkadiriaji majenzi. Wengi wetu tunadhani ni mtu wa maghorofa ya Dar es Salaam. Leo nataka nikuonyeshe kwa historia ya hapa hapa kwetu kwamba sisi wa Kigoma tunamhitaji zaidi.

Ujiji ya zamani: vifaa vilikuwa jirani

Livingstone na Stanley walipokutana Ujiji mwaka 1871, mji ule ulikuwa tayari soko kubwa la ziwa. Nyumba zake zilijengwa kwa udongo, miti na nyasi, na zile za wafanyabiashara zilikuwa na baraza mbele. Fundi alipima kwa hatua za miguu. Miti ikipungua, vijana wanarudi porini. Udongo ukipungua, wanachimba mwingine pale pale. Kosa la hesabu lilikula nguvu za siku mbili tatu, basi.

Nyumba ya saruji na bati haiko hivyo. Saruji, nondo na mabati tunayotumia hutoka mbali, na nauli imo ndani ya bei. Ukikosea hesabu huwezi kurudi porini, unarudi dukani, na dukani hawapokei nguvu, wanapokea pesa.

Liemba: meli iliyokuja ndani ya masanduku

Reli ya Kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914, kilomita zipatazo 1,250. Wakati huo Wajerumani walitaka meli kubwa katika ziwa letu. Hawakuwa na kiwanda cha meli hapa. Wakaijenga kwanza kwao, mji wa Papenburg, mwaka 1913. Kisha wakaifungua kipande kwa kipande, wakaipakia kwenye masanduku yapatayo 5,000. Masanduku yakavuka bahari hadi Dar es Salaam, yakapanda treni kuja huku, na meli ikaunganishwa upya Kigoma. Iliingia majini Februari 1915 ikiitwa Graf von Götzen. Mwaka 1916, vita ilipowazidi, Wajerumani wenyewe waliizamisha. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina tunalolijua wote, Liemba.

Sasa fikiria sanduku moja tu lingesahaulika Papenburg. Duka la karibu la kununua kipande kile lilikuwa Ujerumani! Meli ya urefu wa mita 71 ingebaki ufukweni kama boma langu. Haikubaki, kwa sababu kila kipande kilijulikana na kuhesabiwa kabla hakijaondoka.

Nyumba yako ina tatizo lile lile la Liemba, ila kwa kipimo kidogo. Vifaa vinatoka mbali, kwa hiyo hesabu lazima itangulie.

Kazi ya kukadiria ilianzia wapi

Mji wa London uliungua vibaya mwaka 1666. Ujenzi ulikuwa mwingi, na mafundi wakazidi kulipwa kwa kazi iliyopimwa badala ya kulipwa kwa siku. Wakahitajika watu wa kupima. Mwanzoni walipima kazi ikishakwisha, na ugomvi haukuisha. Baadaye ikaonekana ni heri kupima kwenye ramani kabla ya kuanza, ili kila mkandarasi atoe bei juu ya kiasi kile kile.

Jengo la Bunge la Uingereza lilipoungua mwaka 1834, wakadiriaji walitumika kwenye ujenzi wa jengo jipya. Hata hivyo gharama ilizidi makadirio ya mwanzo zaidi ya mara mbili, na mabadiliko ya njiani yalichangia. Kwa hiyo mkadiriaji si mganga. Ukibadilisha ramani kila wiki, hata hesabu yake haitakuokoa.

Kwetu Tanzania, mwaka 1972 sheria ilianzisha bodi moja ya wabunifu majengo, wakadiriaji na makandarasi. Mwaka 1997 makandarasi wakatengwa na bodi yao. Leo wakadiriaji wanasimamiwa na Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi, chini ya sheria ya mwaka 2010.

Hesabu ndogo ya jamvi

Chukua nyumba ya mita 10 kwa 8. Jamvi la sentimita 10 ni mita za ujazo 8. Kwa mchanganyiko wa saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne, kila mita ya ujazo inakula karibu mifuko 6 na nusu ya kilo 50. Jumla ni mifuko 52 hivi.

Fundi akimwaga sentimita 15 kwa sababu kifusi hakikusawazishwa, ni mita za ujazo 12, yaani mifuko 78. Unene wa vidole vitatu umekula mifuko 26. Hapo ndipo bati zangu zilipopotelea.

Ukitaka kumtumia mkadiriaji

1. Anza na ramani. Bila ramani hana cha kupima.

2. Muulize namba yake ya usajili, kisha uihakikishe kwa Bodi. Kama humjui yeyote, ulizia ofisi ya mhandisi wa halmashauri wakuelekeze.

3. Kubalianeni malipo yake kwa maandishi kabla ya kazi.

4. Mwombe jedwali la gharama, lile ambalo mafundi huliita BOQ, ligawanywe kwa hatua: msingi, boma, paa na umaliziaji. Kila mstari uonyeshe kazi, kipimo, kiasi, bei na jumla. Bei ziwe za Kigoma, nauli ikiwemo.

5. Kama pesa ni kidogo, mwombe akufanyie orodha ya vifaa tu. Hiyo nayo inasaidia.

6. Nunua kwa kufuata jedwali na misimu yako ya mauzo. Bati na nondo zinaweza kusubiri stoo. Saruji usiinunue mapema, ikikaa miezi mitatu huanza kupoteza nguvu.

7. Fundi akisema vifaa vimepungua, fungueni jedwali pamoja. Ama kazi imezidi kipimo, ama vifaa vimepotea. Mtaelewana bila kushukiana.

Utasema mkadiriaji ni gharama ya ziada. Ni kweli, atalipwa. Lakini linganisha malipo yake na mifuko 26 iliyozikwa chini ya sakafu, na misimu miwili ya kulipa kodi ya chumba huku boma lako likinyeshewa. Mimi nililipa hiyo ya pili.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nyumba nayo ni mali, anza na daftari lake.