Gliserini Iliyotoka Kwenye Petroli

Gliserini ni kimiminika kizito, kitamu, kisicho na rangi wala harufu, na ni miongoni mwa viambato vinavyotumiwa sana katika losheni na krimu za ngozi. Kazi yake ni kushika maji. Kila molekuli yake ina vikundi vitatu vya hidroksili, navyo huvuta unyevu wa hewani pamoja na ule wa tabaka za chini za ngozi. Ndiyo sababu gliserini tupu, ikipakwa bila maji mahali penye hewa kavu, yaweza kuikausha ngozi iliyokusudiwa kulainishwa.

Aliyeigundua ni Carl Wilhelm Scheele, mfamasia wa mji wa Köping nchini Uswidi. Mwaka 1779 alichemsha mafuta ya zeituni pamoja na oksidi ya risasi, akapata majimaji matamu. Baadaye Mfaransa Michel Eugène Chevreul aliipa jina, tena akathibitisha kwamba mafuta ya mimea na ya wanyama ni muungano wa gliserini na asidi. Ugunduzi huo haukuwashughulisha sana watengenezaji wa sabuni. Kwa miaka mingi waliimwaga gliserini pamoja na maji machafu yaliyobaki kwenye masufuria yao.

Kilichoipandisha thamani ni baruti, wala si urembo. Ascanio Sobrero alitengeneza nitrogliserini mjini Turin mwaka 1847, na miaka 20 baadaye Alfred Nobel akapata hataza ya dinamiti. Tangu hapo dawa ya mikono iliyopasuka iligombea malighafi moja na migodi, reli na majeshi. Katika Vita Kuu ya Kwanza, Ujerumani iliyozingirwa na kukosa mafuta ililazimika kuchachusha sukari kwa hamira iliyotiwa salfaiti ili kuipata gliserini.

Udhaifu ulikuwa dhahiri: gliserini ilikuwa zao la pembeni. Hakuna aliyechemsha sabuni zaidi kwa sababu tu gliserini imeadimika. Hali ilikaza zaidi pale sabuni za unga zilizotengenezwa kwa kemikali za petroli zilipoanza kuisukuma kando sabuni ya mafuta, kwani kila kiwanda cha sabuni kilichopunguza kazi kilipunguza pia gliserini sokoni. Jibu lilitoka kwenye petroli hiyohiyo. Tayari katika miaka ya 1930 wanakemia wa kampuni ya Shell huko California walibaini kwamba propilini, gesi itokayo katika usafishaji wa mafuta ghafi, ikikutanishwa na klorini kwenye joto la nyuzi mamia kadhaa, hutoa kloridi ya alili. Hiyo hugeuzwa kuwa epiklorohidrini, kisha gliserini. Wajerumani walizalisha gliserini ya aina hii wakati wa Vita Kuu ya Pili, na mwaka 1948 Shell ikafungua kiwanda karibu na Houston, jimbo la Texas.

Molekuli iliyotoka humo haikutofautiana hata kidogo na ile ya mafuta ya mawese au ya ng'ombe. Ngozi haina namna ya kuzitenganisha. Anayeweza kujali ni mnunuzi, kwa sababu za dini, mazingira au bei.

Bei ndiyo iliyoamua. Mwanzoni mwa karne ya 21, Ulaya na Marekani zilianza kutengeneza kwa wingi dizeli ya mimea, na kila kilo 100 za dizeli hiyo huacha takriban kilo 10 za gliserini. Soko likafurika. Mwaka 2006 kampuni ya Dow ilifunga kiwanda chake cha gliserini ya petroli huko Freeport, Texas. Mwaka uliofuata kampuni ya Solvay, katika kiwanda chake cha Tavaux nchini Ufaransa, ilianza kuifuata njia ya zamani kinyumenyume: ikachukua gliserini ya mimea na kuitengenezea epiklorohidrini, malighafi ya gundi na rangi za epoksi.