Scooby-Doo: Historia Fupi ya Mbwa Mwoga na Waliomlea

Scooby-Doo, mbwa mkubwa wa katuni ambaye huwasaidia vijana wanne kufichua siri za mizimu huku yeye mwenyewe akitamani zaidi kutimua mbio, alionekana kwa mara ya kwanza katika televisheni ya Marekani asubuhi ya Jumamosi, tarehe 13 Septemba 1969, na tangu hapo hajapata kukaa kando kwa muda wa kutosha watu wakamsahau. Waliomlea walikuwa kikundi kidogo cha mafundi wa Los Angeles waliofanya kazi kwa haraka na kwa fedha za kubana, na kwa kuwa wengi wao wamekwisha kutangulia mbele ya haki, ni wajibu kazi yao itajwe pamoja na majina yao.

Nyumba alimozaliwa ni studio ya Hanna-Barbera, iliyoanzishwa mwaka 1957 na William Hanna na Joseph Barbera baada ya kampuni ya filamu ya MGM kufunga idara ya katuni ambamo wawili hao walikuwa wamewalea paka Tom na panya Jerry, wahusika ambao filamu zao zilishinda tuzo 7 za Oscar. Televisheni haikuwa na mfuko wa sinema, kwa hiyo mabwana hao wakaukamilisha uhuishaji wa kubana matumizi, yaani namna ya kutengeneza katuni ambamo mwili wa mhusika hutulia ilhali mdomo, mkono au miguu tu ndiyo inayochorwa upya, na mandhari ileile hupita nyuma yake mara kwa mara. Mtoto yeyote makini aliyewatazama Scooby na mwenzake Shaggy, mmoja wa vijana wale wanne, wakikimbia katika ukumbi wa jumba la kale aliweza kuona taa ileile na picha ileile ya ukutani zikipita tena na tena, na hata kubashiri ni mlango upi utakaofunguka, kwa sababu kitu kitakachosogea kilipakwa rangi iliyotofautiana kidogo na ile ya ukuta. Wapo wanaokihesabu hicho kuwa kasoro, lakini kwa watoto wengi kilikuwa fumbo la pili ndani ya fumbo la kwanza.

Mwaka 1968 katuni za mashujaa wenye nguvu za ajabu zilikuwa zimeanza kulalamikiwa kwa ukatili wake, na katika eneo la Boston wazazi walikuwa wameunda chama cha Action for Children's Television ili kudai vipindi bora kwa watoto. Fred Silverman, aliyesimamia vipindi vya mchana katika CBS, mojawapo ya mitandao mikuu ya televisheni nchini humo, alitaka kitu kisichompiga mtu ngumi lakini kitakachomshika mtazamaji kitini, na akawaza kipindi cha vijana wapelelezi chenye utisho wa hadithi za mizimu. Kazi ya kuandika ilipewa Joe Ruby na Ken Spears, marafiki wawili waliokuwa wameanza kama wahariri wa filamu studioni humo, na ambao bila wao mengine yote yangebaki mazungumzo ya ofisini. Rasimu za awali ziliitwa majina mengine na ziliwaweka vijana mbele, mbwa akiwa nyuma kama mpiga ngoma wa bendi. Wakuu wa CBS walipoziona picha waliona zinatisha mno kwa watoto, na mradi ukaelekea kufa. Ndipo mbwa alipovutwa mbele na hofu ikageuzwa kichekesho. Silverman alisimulia kwamba jina alilipata akiwa safarini kwa ndege usiku, akisikiliza wimbo wa Frank Sinatra wa mwaka 1966, Strangers in the Night, ambao mwishoni mwimbaji anacheza na silabi zisizo na maana zinazokaribiana na jina hilo.

Sura ya mbwa huyo ni kazi ya Iwao Takamoto, na hapa inafaa mwandishi wa historia apunguze mwendo. Takamoto, mzaliwa wa Los Angeles mwenye wazazi Wajapani, alifungiwa pamoja na familia yake katika kambi ya Manzanar, walimozuiliwa watu wa asili ya Kijapani, wakati wa Vita Kuu ya Pili, na ndani ya kambi hiyo akajifunza kuchora kwa wafungwa wenzake, kabla ya kuajiriwa na Disney na baadaye Hanna-Barbera. Alipotakiwa kuchora mbwa wa aina ya Great Dane, alimwendea mfanyakazi mwenzake aliyefuga mbwa hao, akaelezwa sifa za mbwa wa mashindano: mgongo ulionyooka, miguu iliyonyooka, kidevu kidogo. Akasikiliza kwa adabu, kisha akachora kinyume chake, mgongo wenye kibyongo, matege na kidevu kikubwa, na hata rangi akaikosea kwa makusudi. Sauti ilitolewa na Don Messick, ambaye alimfanya mbwa atangulize sauti ya "r" katika karibu kila neno, huku Casey Kasem, mtangazaji wa redio, akimpa Shaggy ile sauti yake inayokwaruza.

Kipindi cha kwanza kilifungua njia ambayo vilivyokifuata havikuiacha. Scooby na Shaggy wanarudi kutoka sinema chini ya mwezi mpevu, wanakuta gari lililoachwa barabarani, na kwenye usukani limeketi vazi la chuma la askari wa zamani; mwishoni jini hilo la chuma likavuliwa kofia na kumbe ni msimamizi wa makumbusho mwenyewe aliyekuwa akiuza picha za thamani. Waswahili husema kikulacho ki nguoni mwako, na ni vigumu kupata hadithi za watoto zilizoshikilia neno hilo kwa uaminifu zaidi, kwani katika vipindi 25 vya mwanzo, vilivyorushwa kati ya 1969 na 1970, mzimu haukuwa mzimu, bali karibu kila mara ni mtu mwenye tamaa ya hazina, shamba au urithi. Mtoto aliruhusiwa kuogopa kwa dakika ishirini, tena akiwa na mkubwa anayeogopa kuliko yeye, kisha akaonyeshwa kwamba kinyago kina mshono.

Miaka iliyofuata inaweza kupitiwa kwa ufupi. Mwaka 1972 wageni mashuhuri, wakiwamo Batman na wachezaji wa mpira wa kikapu wa Harlem Globetrotters, walianza kualikwa. Mwaka 1976 mbwa alihamia mtandao wa ABC, alikokuwa amehamia Silverman. Mwaka 1977 Ruby na Spears walifungua studio yao wenyewe, jambo ambalo halikuondoa heshima yao katika nyumba ya zamani. Mwaka 1979 aliletwa Scrappy-Doo, mpwa wa Scooby, mdogo wa umbo na mkubwa wa maneno, ambaye juu yake mashabiki hawajaafikiana hadi leo. Vijana wengine watatu, ukimwacha Shaggy, walipumzishwa kwa muda, kisha wakarudi. Kulikuwa na mfululizo wa mbwa huyo akiwa mtoto (1988), filamu ya Zombie Island (1998) ambamo mizimu ilikuwa ya kweli, filamu ya waigizaji hai (2002), mfululizo wa Mystery Incorporated (2010) na filamu ya Scoob! (2020), pamoja na mradi mmoja au miwili ambayo haikufika kwa watazamaji. Kasem aliiacha kazi kwa miaka kadhaa kwa sababu ya tangazo la mkahawa wa nyama ambalo halikulingana na imani yake ya kutokula nyama, na alirudi mwaka 2002, Shaggy naye akiwa amekubaliwa kutokula nyama.

Messick alifariki mwaka 1997, Hanna mwaka 2001, Barbera mwaka 2006, Takamoto mwaka 2007, na ndani ya mwaka mmoja wa 2020 wakaondoka Silverman, Ruby na Spears. Frank Welker, aliyeingia studioni mwaka 1969 akiwa na miaka 23 ili awe sauti ya Fred, kiongozi wa vijana wale, aliendelea na kazi hiyo, na tangu mwaka 2002 amekuwa pia sauti ya mbwa, hivi kwamba Fred anapomwita Scooby gizani, anayeita na anayeitika ni mtu mmoja.