Manowari Zilizopita Elburgon kwa Treni

Kuna watu duniani ambao burudani yao ni kukaa bandarini na kamera, wakisubiri tagi na manowari zipite. (Tagi ni ile boti ndogo yenye injini kubwa, kazi yake kuvuta na kusukuma meli na matishari.) Kwa Kenya, mahali pa kuziona ni Kilindini, Mombasa. Sasa mwambie mtu wa Kilindini kwamba hata Elburgon, kule kwenye baridi ya Mau, zimewahi kupita meli zilizopigana vita. Atacheka. Lakini zilipita. Zilipita kwa treni, vipande vipande.

Tuanze na tatizo lenyewe. Ziwa Viktoria halifikiki kwa meli kutoka baharini. Mto Nile unatoka humo, ndiyo, lakini njiani kuna maporomoko. Je, meli ya chuma utaifikishaje? Kiwanda cha Bow, McLachlan cha Paisley, Scotland, kilikuwa na jibu. Waliiunga meli nzima kwa bolti, wakaandika namba kwenye kila kipande, halafu wakaifungua tena na kuipakia kwenye meli nyingine hadi Mombasa. Mafundi wa ziwani walifuata zile namba na kuiunganisha upya, safari hii kwa ribiti.

Sisi waandishi wa programu mbinu hii tunaijua. Ndivyo faili linavyosafiri kwenye intaneti: linakatwa pakiti, kila pakiti ina namba, upande wa pili zinapangwa upya. Tofauti ni moja. Pakiti ikipotea, kompyuta inaomba itumwe tena, na wewe hata huna habari. Bamba la chuma likipotea porini, hesabu miezi. Meli ya kwanza kuletwa hivi, William Mackinnon, ilijengwa mwaka 1890 wakati reli haijawekwa. Mizigo ilibebwa na wapagazi, mingine ikaachwa njiani. Iliingia ziwani 1900. Miaka 10!

Reli ndiyo iliyobadilisha mambo. Ilifika Kisumu (wakati huo ikiitwa Port Florence) Desemba 1901. Kutoka Nakuru, kwenye mita kama 1,850 juu ya usawa wa bahari, treni ilipanda kupitia Njoro, Elburgon na Molo hadi Mau Summit, zaidi ya mita 2,500, kisha ikateremka hadi ziwani, mita 1,134. Kwa hiyo mabamba, boila na rafadha zilipanda mlima kwanza ndipo zikaona maji. Winifred ilishushwa ziwani 1902, ikafuatiwa na Sybil, halafu Clement Hill na Nyanza, na baadaye tagi iitwayo Kavirondo. Zilikuwa meli za abiria, pamba na ngozi. Hakuna aliyeziita manowari.

Agosti 1914 vita vikaanza, na ziwa lilikuwa limegawanyika: kaskazini Mwingereza, kusini Mjerumani. Meli ya abiria ikageuka manowari kwa kufungwa mzinga tu. Wajerumani walikuwa na tagi moja, Muansa, waliyoiwekea mzinga mdogo wa milimita 37. Septemba 1914 Winifred ilikutana nayo Karungu ikalazimika kurudi nyuma. Meli kubwa ikakimbizwa na tagi! Winifred iliporudi, ilikuja na Kavirondo. Novemba mwaka huo Sybil iligonga mwamba karibu na Majita, ikaja kuokolewa 1915.

Tukio kubwa zaidi ni la Juni 1915. Askari waliletwa Kisumu kwa reli hiyohiyo, wakapanda meli hizohizo, wakaishambulia Bukoba tarehe 22 na 23. Shabaha kuu ilikuwa nini? Kituo cha redio. Mjerumani alikuwa na mnara wa mawasiliano pale, nao ukaangushwa. Wadau wa teknolojia, hapo ndipo pa kutulia: zaidi ya miaka 100 iliyopita, ukandoni mwa ziwa letu, watu walikufa kwa ajili ya mtandao.

Sasa turudi kwenye kamera. Picha nyingi za zamani za meli hizi ninazoziona zinaonyesha meli iliyokamilika, iko majini, moshi unafuka. Sijaona hata moja ya mabehewa yake yakiwa stesheni ya Elburgon, wala ya mpagazi na bamba lake begani. Mpiga picha alisubiri bandarini. Lakini kazi ngumu ilifanyika barabarani na relini, na waliofanya hiyo kazi hawamo kwenye fremu. Ndiyo maana historia ya meli zetu inasomeka kama vile zilizaliwa ziwani.

Mbinu yenyewe haijafa. MV Uhuru II iliunganishwa Kisumu na Kenya Shipyards, kampuni iliyo chini ya jeshi, kwa vipande vilivyotoka kwa Damen ya Uholanzi.

Basi nina ombi. Kama babu yako alifanya kazi reli au bandari, fungua lile sanduku la picha kabla unyevu na mchwa havijamaliza. Piga skani kwa dpi 600, hifadhi kwenye TIFF siyo JPEG peke yake, na jina la faili liwe na mwaka na mahali: 1958-elburgon-stesheni. Andika majina ya waliomo kabla wanaowajua hawajatutoka. Picha isiyo na mwaka wala mahali ni sawa na kipande cha meli kisicho na namba. Unacho mkononi, lakini hujui kinaingia wapi.

Na ukienda kupiga picha manowari za leo kule Mtongwe, omba ruhusa kwanza. Kambi ya jeshi si mahali pa kujaribu lenzi mpya.

Alamsiki.