Mpigaji Asiyesikia

Kila mwimbaji anayesimama leo mbele ya watu, akagusa kioo cha kishikwambi na muziki ukatoka spikani bila waya, ana deni kwa mwanamuziki mmoja wa mji wa Kobe, nchini Japani. Jina lake ni Daisuke Inoue. Kazi yake ilikuwa kupiga muziki vilabuni ili wateja waimbe. Mteja mmoja alimwomba afuatane naye safarini. Inoue hakuweza kwenda, basi akamrekodia kanda, akiipanga ifuate sauti na mwendo wa mteja yule. Kutokana na wazo hilo, mwaka 1971 alitoa mashine 11 za kutumbukiza sarafu, akazikodisha vilabuni. Hakusajili haki ya uvumbuzi wake, na faida kubwa wakaivuna wengine.

Hakuwa wa kwanza kabisa. Huko New York, mwaka 1950, Irv Kratka alianzisha Music Minus One, iliyotoa santuri zenye ala zote isipokuwa moja, ili mwanafunzi aijaze mwenyewe nyumbani. Mjini Tokyo, Shigeichi Negishi alitengeneza sanduku la kuimbia mwaka 1967. Lakini kisa cha Inoue ndicho kinachonishughulisha zaidi, kwani aliyeachwa nyuma na kanda ile alikuwa mpigaji mwenyewe.

Kwetu Tanzania jambo hili lilikuja kwa njia nyingine. Bendi zetu kubwa za dansi zililelewa na mashirika: NUTA Jazz ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, na Mlimani Park ikawa ya Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, DDC. Kisha, mwaka 1991, Saleh Jabir alitia maneno ya Kiswahili juu ya mdundo wa wimbo wa Mmarekani Vanilla Ice. Vijana wasio na gitaa wala ngoma wakatambua kwamba wanaweza kupanda jukwaani na kaseti tu. Ndipo neno pleibeki likazoeleka midomoni mwetu. Kaseti ikawa sidii, sidii ikawa flashi, na baada ya iPad kuingia sokoni mwaka 2010, kazi yote ikahamia kwenye kioo.

Siwezi kuilaani pleibeki. Imempa jukwaa binti ambaye hangeweza kamwe kulipa bendi ya watu kumi. Hata mimi huimba nayo harusini. Lakini ni vyema tujue tumeajiri mpigaji wa namna gani.

Bluetooth, iliyotangazwa mwaka 1998, huukatakata muziki vipande, huvirusha kwa mawimbi ya gigahezi 2.4, kisha spika huviunga upya. Mara nyingi kazi hiyo huchukua sehemu ya kumi mpaka sehemu mbili za kumi za sekunde. Mwimbaji anayefuata spika haoni taabu. Lakini anayefuata maneno yanayotembea kwenye kioo hujikuta ametangulia. Tena mawimbi hayo hunywewa na maji, na mwili wa binadamu ni maji kwa sehemu kubwa. Kwa hiyo jaribio la saa kumi jioni katika ukumbi mtupu hufaulu, na saa tatu usiku, watu wakishajaa kati ya kishikwambi na spika, muziki huanza kukatika. Hadhira yenyewe imegeuka ukuta. Kwa sababu hiyo mimi hutumia waya kila panapowezekana.

Hata hivyo, waya hautibu upungufu mkubwa zaidi. Katika taarabu, mama akiinuka kutunza, wapigaji humwona. Hurudia kiitikio mpaka afike, acheze, aweke noti yake na kurudi kitini. Wimbo hurefuka kwa kadiri ya furaha yake. Kishikwambi hakimwoni. Dakika nne zikiisha, kimenyamaza, na mama bado yuko katikati ya ukumbi, noti mkononi.

Nadhani hicho ndicho tulichokitoa ili tupate wepesi. Inoue, alipoipanga kanda ile, alikuwa anamjua mteja wake na mipaka ya koo lake. Sisi tunanunua mdundo kwa mtu asiyetujua. Ndiyo maana, fedha ikiruhusu, humwita walau mpiga gitaa mmoja kwa ule wimbo wa kutunza. Nyimbo nyingine zinaweza kubaki kwa mashine.