Feza, Taji na Moto

Butembo na Beni, mtu akitaja feza anafikiria franga na dola. Neno lenyewe, fedha, ni jina la madini meupe yanayong'aa. Karne nyingi kabla ya noti, mali ilihesabiwa kwa madini hayo, na Waajemi walijua kuyapa uso.

Sarafu za Wasasani, walioshika Uajemi mwaka 224, ni pana na nyembamba, kama gramu 4 tu. Upande mmoja yupo mfalme, ametazama kulia. Karibu kila mfalme alikuwa na taji la umbo lake, hivyo hata asiyejua kusoma alimtambua. Ardashir wa Kwanza, mfalme wao wa kwanza, alijiandika pembeni kuwa mwabudu wa mungu Mazda, mfalme wa wafalme, mzao wa miungu. Geuza: madhabahu inawaka moto, moto mtakatifu wa dini ya Zoroasta. Baada ya Ardashir wakaongezwa watu wawili, wamesimama kulia na kushoto mwa moto. Aliyelipwa sarafu hiyo sokoni alibeba nyumbani utawala na ibada pamoja.

Yaliyofuata ndiyo yanayonishangaza zaidi. Yazdegerd wa Tatu, mfalme wao wa mwisho, aliuawa mwaka 651, Waarabu Waislamu wakatwaa nchi. Sarafu hawakuivunja. Uso wa mfalme Khusro wa Pili, aliyekufa mwaka 628, uliendelea kupigwa, na moto wake vilevile, ila pembeni pakaandikwa "bismillahi". Soko lilikwisha kuuzoea uso ule, na mshindi wa vita aliliheshimu soko. Ni katika miaka ya 690 Khalifa Abd al-Malik alipoondoa picha, yakabaki maandishi peke yake.

Mtindo huo wa maandishi ulifika mpaka pwani ya Waswahili. Mtambwe Mkuu, kisiwani Pemba, mwaka 1984 zilifukuliwa sarafu zaidi ya 2,000, nyingi za fedha, ndogo sana, zenye majina ya watawala wa hapohapo na maneno ya kumtegemea Mungu. Vina vya upande mmoja vinajibiwa na upande wa pili.

Kwetu Kongo uso ulikuja na Leopold wa Pili, mfalme wa Ubelgiji, aliyepigisha sarafu za fedha zenye kichwa chake mwaka 1887. Wazee wetu wanazikumbuka pia noti za zaire: Mobutu, na chui karibu yake.

Franga ilipoingia mwaka 1998, noti yake ndogo kuliko zote, ya senti 1, haikuwa na mtawala. Ilikuwa na mama anayevuna kahawa, kama mama zetu wa Beni. Nyuma yake, Nyiragongo inatema moto.