Porsche Haijawahi Kushinda Safari, na Mimi Nilikosea

Wasee, ile video niliyoweka mwezi jana nikisema Safari Rally ni sherehe ya wazungu, naiondoa. Si kwa sababu ya komenti zenu (zingine zilikuwa matusi tu, mnajijua). Ni kwa sababu ya mjomba.

Mjomba wangu ni fundi, ana kagereji kadogo pale Dagoretti Corner. Jumamosi nilikuwa nimekaa juu ya tairi nikimngoja twende lanchi, Porsche nyeupe ikapita Ngong Road ikielekea Karen. Nikasema, "Hiyo wangeileta kwa rali ingewamaliza wote." Mjomba hata hakuinua kichwa. "Ilikuja. Tena sana. Haikuwahi kushinda."

Nikajua hizi ni zile stori za wazee. Nikaingia intaneti kumtafutia makosa. Sikuyapata.

Mwaka wa 1972 Mpolandi mmoja, Sobiesław Zasada, alikuja na Porsche 911 akamaliza namba mbili. 1974, Björn Waldegård wa Uswidi, Porsche, namba mbili. 1978 kiwanda kikarudi na 911 zilizoinuliwa juu kabisa kwa ajili ya barabara zetu. Vic Preston Jr, kijana wa hapa hapa Kenya, akamaliza namba mbili. Aliyemshinda ni Jean-Pierre Nicolas, na alikuwa kwa Peugeot 504. Ulizeni wazazi wenu. 504 ndiyo ilikuwa inawapeleka ushago, watu wamebanana na kuku chini ya kiti.

Sasa, Pijo inashindaje Porsche? Kwanza sahau mambo ya Naivasha. Siku hizi barabara za mashindano zinafungwa, dereva anakimbizana na saa kwa kilomita mia tatu na kitu, jioni analala. Zamani ilikuwa siku za Pasaka, mchana na usiku, na kuna miaka walipita kilomita 5,000, kwa barabara ambazo hazijafungwa. Unakutana na lori, unakutana na ng'ombe, unakutana na mto umevunja daraja. Kila dakika uliyochelewa kufika kituo cha ukaguzi ilikuwa pointi ya adhabu, na mwenye adhabu chache ndiye mshindi. Kwa hivyo spidi peke yake haikukusaidia. Swali lilikuwa gari yako itafika Nairobi ikiwa bado ni gari?

Nyingi hazikufika. 1963 yalianza magari 84, yakamaliza 7. 1968 yakaanza 93, yakamaliza 7 tena. Joginder Singh alikuwa kati ya hao saba mara zote mbili.

Huyu Joginder ndiye alinimaliza. Mkenya, mzaliwa wa Kericho, na kazi yake ilikuwa fundi wa magari. 1965, yeye na ndugu yake Jaswant walishinda Safari kwa Volvo PV544 ambayo timu ya kiwanda ilikuwa imeitumia kwa Safari ya mwaka uliotangulia, ikabaki huku. Yaani kwa lugha yetu, mtumba. Halafu 1974, Pasaka ya matope yale mabaya, Waldegård alikuwa anaongoza na Porsche, chini ikavunjika. Joginder akapita na Mitsubishi Lancer, gari ya mtu wa kwenda ofisi. 1976 akarudia, Lancer tena.

Fikiria hivi: wahandisi wa Ujerumani upande mmoja, na upande ule mwingine jamaa anayejua kwa masikio yake ni nati gani imelegea. Usiku, kwa mvua, mbali na gereji yoyote, mimi najua ningepanda ya nani.

Lakini kuna sehemu ya ile video siiondoi. Mwanzo wa haya mashindano ulikuwa 1953, na yalianzishwa kusherehekea Malkia Elizabeth kutawazwa. Kenya ilikuwa chini ya hali ya hatari tangu Oktoba 1952, watu wanakamatwa, huku wengine wanazunguka Kenya, Uganda na Tanganyika na magari kwa raha zao. Hapo sikukosea. Na hata baada ya uhuru, Mwafrika alikaa miaka mingi sana chini ya gari akishika spana kabla ya kuonekana kwa usukani mbele kabisa. Ni 1994 ndipo Patrick Njiru alimaliza namba nne na Subaru, mwaka ambao Mkenya mwingine, Ian Duncan, alishinda na Toyota Celica. Kwetu nyumbani, mtu akiendesha kasi bado anaitwa Njiru. Mimi nilikua nikidhani ni jina la utani tu.

Kosa langu lilikuwa kudhani walioanzisha kitu ndio wenyewe milele.

Waldegård naye hakukasirika na nchi. Alishinda Safari mara nne, Ford mara moja na Toyota mara tatu. Mwishoni mwa 2011, akiwa na miaka 68, alirudi kwa East African Safari Classic, ile ya magari ya zamani, akashinda na Porsche 911 huku mwanawe Mathias akimsomea njia. Mjomba anasema hiyo ni Classic, haihesabiwi. Amekataa kabisa.

Na Juni 2021, mashindano yaliporudi kwa ubingwa wa dunia baada ya miaka 19, kati ya madereva waliopanda jukwaa KICC alikuwa Zasada, yule yule wa 1972, sasa na miaka 91, kwa Ford Fiesta. Mimi nilikuwa nyumbani Kawangware nikitazama kwa simu. Nilipomwona nikadhani ni mgeni wa heshima, nikaruka mbele.

Jana nilimpelekea mjomba picha yake. Akaiangalia muda mrefu, akafuta mikono, akaiangalia tena.

"Na fundi wake ni nani?"

Sikuwa na jibu. Akarudi chini ya Probox ya mteja.